Mifuko Katika Ndoo ya Taka Mbichi

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku ni wazima, ila mimi kifua kimenibana, na si mafua.

Kwanza niringe kidogo, nisiporinga kwako nitaringa wapi? Mwanao, huyu niliyemzaa mimi, sasa ndiye msimamizi wa yadi ya mboji ya manispaa. Ana buti na kofia ngumu! Anasema taka za jikoni zikifukiwa dampo huoza bila hewa na kutoa gesi inayoipasha dunia joto, lakini zikitengwa na kugeuzwageuzwa huwa mbolea. Mimi na elimu yangu ya msingi naieleza gesi hiyo hadi wenye vyeti wananiuliza maswali. Mtaa wetu ndio wa majaribio: ndoo ya kijani taka mbichi, nyekundu taka kavu. Mizigo mitatu mfululizo ikipita ukaguzi bila plastiki, mji mzima utafuata.

Vituko havikosi. Jirani yetu fundi saa alitia mfuko wa nailoni ulionyeshewa mvua kwenye ndoo ya kijani, akabisha kwamba umelowa, kwa hiyo ni mbichi. Mkate mkavu akautia kwenye nyekundu. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Sasa, yadini yupo mwanamke aliyeokota taka dampo miaka ishirini. Wanamwita Bibi Joto, kwa sababu huzamisha mkono kwenye lundo la mboji, akalipima joto, akakwambia limeiva au bado. Mwanao amempa kazi ya kuchambua ndoo mara ya mwisho kabla ya ukaguzi. Anajua kazi, sikatai. Lakini mwanao anamwita mama! Mbele yangu! Nilipompelekea chakula cha mchana niliwakuta wanakula sahani moja, mwanao akaniambia nikiweke tu pale, mama ameshampa. Mama yupi? Mimi niliyemsomesha kwa kufua nguo za watu nimesimama na bakuli kama mgeni aliyekosea nyumba!

Nisikufiche, mdogo wangu. Siku ya mzigo wa tatu, Bibi Joto alipokwenda kunawa, nilichukua mifuko miwili ya nailoni nikaishindilia katikati ya ndoo aliyokwisha kuichambua. Mimi sikukosea kama fundi saa. Nilijua nafanya nini. Mkaguzi akaiona, mzigo ukakataliwa, mwanao akalia mbele ya wafanyakazi wake. Bibi Joto akasema labda macho yake yamechoka. Akaondolewa kwenye meza ya kuchambulia papo hapo, akapewa fagio.

Siku tatu nilijifungia ndani. Leo asubuhi nilikwenda yadini nikasema yote mbele ya watu. Mwanao alinipa mgongo, na mpaka naandika hajanisemesha. Bibi Joto, aliyerudishwa mezani, ndiye aliyenifuata. Nilijua leo natemewa mate. Akanivalisha glavu yake moja, akaniambia, mama mwenzangu, hesabu ya mizigo inaanza upya, simama huku tuchambue.

Usinisifu, wivu haujaisha. Kila akiitwa mama, naitika mimi kwanza.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Ni mimi dada yako,
Mama Mzazi wa Msimamizi