Marehemu Kaitwa Sehemu ya Pili

Jumatatu, 2 Juni
Eze wangu kaitwa tena kwenye filamu! Sehemu ya pili! Naandika na unga mikononi, ugali wa madereva bado uko jikoni. Ile ya kwanza kijana wangu alikuwa jasusi wa tatu, akalipukiwa na helikopta. Tunduma nzima ilimwona akiungua. Nimetangaza sokoni, nimetangaza kwaya. Mama Tumaini wa mitumba kanijibu mbele za watu, "Mama Eze, si alikufa? Maiti inaigizaje?" Wivu. Wa kwake wamelala tu nyumbani.

Lakini swali limenikaa.

Jumatano, 4 Juni
Nimemuuliza Eze amefufukaje. Eti, "Mama, ni siri ya kazi." Huyu akidanganya hukuna sikio. Kakuna.

Jumamosi, 7 Juni
Kitenge changu cha njano, cha sikukuu, hakipo. Kwenye begi lake nimekuta wigi jekundu na viatu vya kike. Vikubwa. Magoti yake yamechubuka. Kuna mwanamke. Atakuwa wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tena wa miraba minne. Filamu ni uongo mtupu, na mimi nimeshawaambia watu wote. Sura yangu nitaipeleka wapi? Sikula.

Jumanne, 10 Juni
Nimemfuata. Nimefunga kibanda changu cha ugali saa nne asubuhi, sijawahi. Bodaboda nimemwambia asimpite wala asipige honi. Tumeishia kwenye yadi ya malori. Kamera zipo kweli. Yule dada nyota wa filamu kakaa chini ya mwavuli, anakunywa soda, wigi jekundu, kitenge cha njano. Na juu ya lori yuko mwingine, wigi hilohilo. Kitenge changu! Pindo nililolishona mwenyewe. Moto nyuma, bastola mbili, anataka kurukia lori la pili.

Kabla ya kuruka kabana mkono wa kushoto kifuani.

Hapo nikajua. Eze alivunjika mkono huo alipoanguka kutoka mparachichi, kwa bibi yake kule Isansa. Tangu hapo hata akiruka mtaro huubana. Nimeng'ata khanga nisipige kelele. Karuka. Katua na goti juu ya bati. Watu wakampigia makofi dada wa soda.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia Eze nilimwona yadini. Kaniomba kwa kupiga magoti, na magoti yenyewe yale. Mwenye filamu anatangaza kwamba yule dada huruka mwenyewe. Ikijulikana, Eze hana kazi. Wamemwahidi na nyingine, Dar. Nisimwambie mtu. Mimi, nisimwambie mtu! Nimekubali. Mdomo unaniwasha.

Nimemuuliza akikosea lori, chini kuna nini. Kasema magodoro. Kakuna sikio.

Jumatano, 27 Agosti
Filamu imetoka. Mama Tumaini kaja kuuliza marehemu ataonekana saa ngapi. Nimemwambia aje atazamie kwangu, yeye na kwaya yote. Najua watatafuta sura yake mwanzo mpaka mwisho. Watacheka. Nitawapakulia wali, nitacheka nao. Ikifika pale pa malori nitashika meza.

Kitenge nimekifua mara tatu, harufu ya moshi imegoma kutoka. Sitakivaa, Mama Tumaini ana macho. Nimekikunja chini ya mto wangu.

Viti nimeazima kanisani. Ni Jumapili, ibada ikiisha. Waje wote.