Ukurasa wa Majeneza Haufutwi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Huku sote hatujambo. Mama goti lilimsumbua wiki mbili, sasa anapanda ngazi mwenyewe na kugomba kama kawaida. Usishangae kupata karatasi zama hizi. Umenizuia kwenye simu, umejitoa kwenye kundi la familia, sasa ningekupata wapi?

Ujumbe wako niliupata kupitia kwa shangazi. Kwamba kufikia mwisho wa mwezi niwe nimefuta ukurasa wa mtandaoni wa karakana ya baba, la sivyo unaifunga na kuwapangisha wauza vigae. Kwamba wenzako ofisini walikuonyesha video nimelala ndani ya jeneza nikieleza vipimo vya mabega, wakacheka mpaka wakapaliwa na chai. Shangazi naye akaongeza la kwake, eti ni uchuro, najiitia kifo. Nikamwambia baba alipima maiti miaka thelathini, na hakuna aliyekufa kwa kupimwa.

Kaka, hasira zako nazielewa, ila sizikubali. Zamani watu walikuja hapa macho yamevimba, hawajui bei wala mbao, na mafundi wa mtaa mzima wakawakamua. Mimi bei nimeziweka wazi. Nimeonyesha mbao nzuri ikigongwa inaliaje, na ile iliyopakwa vanishi kuficha matundu ya wadudu. Mafundi wenzangu wamenuna, wananiita Bi Misumari. Nimelipenda jina, nimelichora mlangoni! Juzi bibi mmoja aliyeniona mtandaoni kaja kwa miguu yake kuchagua jeneza lake, akasema hataki wanawe waje kugombana kwa ajili ya bawaba. Aliujaribu mto, akasema mgumu, nikaubadilisha.

Ni kweli natania. Nasema mteja wetu hajawahi kurudi kulalamika. Watu wanacheka, kisha wanauliza maswali waliyokuwa wakiyameza. Hiyo ndiyo aibu unayoisema?

Sasa nikwambie jambo nililokuficha. Siku ya mazishi ulipitisha kiganja juu ya jeneza la baba, ukasema hii ndiyo kazi, mafundi wa namna hii wamekwisha. Ukaniuliza nimeliagiza wapi, nikakujibu mjini. Nilikudanganya. Alilitengeneza mwenyewe, miezi minne kabla, akipumzika kila baada ya ubao mmoja. Aliniapisha nisikwambie, maana alijua ungekuja kumnyang'anya randa. Na yeye ndiye aliyeniambia nishike simu nirekodi. Nililia, simu ikainama, akanigombeza niishike sawasawa. Ukurasa huo unaouonea haya aliufungua baba, Kaka. Neno lake la siri ni tarehe yako ya kuzaliwa.

Kwa hiyo sifuti. Ukitaka kufunga karakana njoo na kufuli lako, utanikuta ndani napiga randa, na maranda utafagia wewe.

Video hiyo ya baba sijamwonyesha mtu, hata mama. Mwishoni anaweka randa chini, anajifuta jasho, anasema sehemu inayofuata ni ya Msasa. Unajua hakuna mwingine aliyekuita hivyo, tangu utotoni ulipokuwa unamkwaruza kila mtu. Kisha akaniambia niegemeze simu kwenye kopo la gundi nitoke nje. Zimebaki dakika tatu. Mpaka leo sijazisikiliza, kwa sababu si zangu.

Wifi nisalimie sana, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri.

Ukiwa tayari kumsikia baba, nifungulie simu.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Misumari