Hewa Iliyomzidi Mama

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwinua Mama kitandani hapa hospitali, nikamwekea mito mgongoni, nikamnywesha uji. Kijiko kimoja, anapumzika. Kuongea na kupumua kwa pamoja vimemshinda. Ni moshi wa kuni wa miaka yote ile. Jiko la nyumbani kwetu Keza halina dirisha hata leo. Mume wangu amepiga simu kutoka Biharamulo: nitarudi lini kuvuna mtama? Hali ya Mama hakuuliza.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemuuliza daktari kwa nini anampa Mama oksijeni kidogo hivi, na midomo bado ni myeusi. Akavuta kiti. Kwa mwenye mapafu mazima, alisema, ubongo unaipima hewa chafu iliyomo kwenye damu. Ikizidi kidogo tu, unaamuru kifua kivute. Ubongo wa Mama umeshaizoea hewa chafu, haushtuki tena. Kinachomsukuma apumue sasa ni uchache wa oksijeni. Akijazwa oksijeni, mwili unalegea, hewa chafu inajaa kwenye damu, anasinzia. Anaweza asiamke.
Akaonyesha kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. "Tisini inamtosha. Mtu asiguse koki ya mtungi."
Nimeelewa. Inatisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Kaka Deo amefika kutoka Mwanza. Hatujamwona tangu Pasaka ya mwaka juzi. Mama amelia kwa furaha, akakohoa mpaka akaishiwa. Shangazi, ninayemuuguza naye Mama, anamhudumia Deo utadhani mgonjwa ni yeye.
Deo akatazama kile kifaa cha kidoleni. Themanini na tisa. Akasema tunamuua mama yake. Nikamweleza maneno ya daktari.
"Editha, tangu lini hewa ikamzidi mtu?"
Shangazi akacheka. Namchukia Deo. Nimeandika na sifuti.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilikwenda bombani kufua. Kurudi, Mama amelala, uso wa moto, jasho. Kifaa kinasoma tisini na nane.
"Unaona? Amepumzika," Deo akasema.
Nikamwita Mama. Nikamfinya sikio. Kimya. Kifua kinapanda kidogo, kinangoja, kinangoja tena. Koki imefunguliwa hadi mwisho.
Nikairudisha palepale alipoiweka daktari, nikamwita nesi kwa sauti. Shangazi akanishika mkono.
"Unamnyima mama yako hewa?"
Wodi nzima ilisikia.
Manesi walimsaidia kupumua kwa mfuko wa kuminya, wakipokezana, mpaka mikono ikachoka. Baadaye daktari akamweleza Deo alichofanya. Deo aliangalia sakafu. Shangazi alikuwa ameshatoka nje na rozari yake. Hakusikia.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama ameamka. Kichwa kinamuuma. La kwanza kuuliza: "Deo yuko wapi?"
Deo kaondoka alfajiri. Kazi, eti. Hakuniaga.

Jumatano, 13 Agosti
Akina mama wa jumuiya wamekuja kutoka Keza. Habari imewatangulia: Editha alimfungia mama yake oksijeni, kaka akamwokoa. Niliwaamkia shikamoo. Mmoja aliitikia marahaba akiangalia ukuta.
Mama alikuwa macho, anasikia yote. Nilimngoja. Akasema kwa vipande vipande, "Deo... ana huruma sana." Wakaitikia wote kwa vichwa.
Nilitoka nje nikasimama juani. Sikulia. Nilitamani kulia.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimempigia Deo. Nikamwomba jambo moja tu, amwambie Shangazi ukweli.
"Yameshapita hayo, dada. Mama si amepona?"
Amekata simu.

Jumapili, 17 Agosti
Shangazi kaenda misa. Wodi imetulia. Daktari anasema kesho kutwa twaweza kwenda nyumbani.
Mama alisinzia baada ya uji. Nikamtazama kifua, kinapanda na kushuka bila kungoja. Hata hivyo nikamgusa bega.
"Niache nilale," akasema, kakasirika.
Nikamwacha. Nimekaa hapa karibu.