Kutu Ndani ya Mtutu

Kariandusi, 4 Machi 1956

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama, hata ng'ombe wasalimie. Mgongo unaendeleaje na baridi ya Ravine? Mimi mwili ni mzima, ila sina raha.

Hii bunduki niliyopewa kwa kazi ya kulinda wanyama itanifukuzisha. Ukichungulia ndani ya mtutu unaona wekundu. Nikisafisha inang'aa, siku chache tu kutu imerudi! Nimejaribu mafuta ya bunduki, mafuta ya taa, hata samli, wenzangu wakacheka mpaka basi. Nikaenda Nakuru dukani kwa Jayantilal, akaniuzia amonia. Machozi yalinitoka, kutu haikutoka. Wanasema nimerogwa. Mimi nataka kujua: kutu inatoka wapi na chuma kimejaa mafuta?

Sajini amesema akikuta kutu kwenye ukaguzi wa Aprili, nivue sare niende nyumbani. Wewe ulibeba bunduki vitani Burma. Nisaidie.

Mwanao,
Kemboi

Ravine, 12 Machi 1956

Mwanangu Kemboi,

Barua yako imetukuta wazima. Mgongo ni ule ule, tuuache. Mama yako amekasirika kweli kusikia habari ya samli.

Amonia inatoa shaba ambayo risasi inaacha ikipita. Haina habari na kutu. Mafuta nayo yanazuia unyevu, basi. Sikiliza: ile fataki ndogo kwenye kitako cha risasi ikiwaka, inaacha chumvi ndani ya mtutu. Na chumvi haiyeyuki kwa mafuta. Jaribu kwenye sufuria uone! Wewe unaifunika tu, nayo inakula chuma chini kwa chini.

Siku ile ile ukipiga risasi, toa bolti, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani, umimine maji yanayochemka kutoka nyuma. Mtutu ukipata joto utajikausha wenyewe. Vuta kitambaa kwa kamba mpaka kitoke cheupe, ndipo upake mafuta, kidogo. Niandikie ulichoona.

Baba yako,
Kipketer

Kariandusi, 25 Machi 1956

Baba,

Natumaini mmeamka vizuri huko. Huku mambo yameharibika zaidi! Nilifuata maneno yako yote, na kesho yake wekundu ulikuwa umerudi. Maji yalichemka kweli kweli, nilichota debe zima. Ziwa la Elmenteita liko hapa chini tu, na maji ya mto, ya kunywa, tunaletewa kwa lori, tena kwa kipimo. Nimekosea wapi? Naogopa, baba.

Mwanao,
Kemboi

Ravine, 2 Aprili 1956

Kemboi,

Salamu utapata mwisho. Maji ya ziwa! Yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye mawe! Unaosha chumvi kwa chumvi, wewe mtoto wa nani? Nimecheka, mama yako hakucheka. Kinga maji ya mvua, au tumia yako ya kunywa ukae na kiu.

Lakini nikuambie ukweli. Maji yanaondoa chumvi, hayarudishi chuma kilicholiwa. Kama kuna mashimo ndani, yatabaki. Hilo linanisumbua.

Sote tunakusalimu.

Baba yako

Ravine, 10 Mei 1956

Mwanangu,

U mzima? Ukaguzi umepita na wewe kimya. Kama wamekufukuza, njoo nyumbani, hakuna atakayekuuliza kitu. Mama yako anaangalia barabara kila gari likipita.

Baba yako

Kariandusi, 16 Mei 1956

Baba na mama,

Nisameheni, niko mzima. Nilipelekwa Naivasha ghafla, barua yenu nimeikuta leo.

Sajini alielekeza mtutu kwenye jua, akachungulia, akachungulia tena. Kitambaa alichovuta kilitoka cheupe pe, kwa yale maji ya mvua uliyoniambia. Lakini mashimo yapo, ya zamani, kutoka kwa waliokuwa nayo kabla yangu. Akasema, "Hii bunduki imekufa. Na wewe, nani alikufundisha kuosha maiti vizuri hivi?" Nikamwambia ni baba yangu.

Bunduki imeondoka, mimi nimebaki. Nilifurahi mpaka nikalia mbele ya watu, aibu gani hiyo!

Nimepewa nyingine, mpya. Leo mchana tumeijaribu kwa risasi, na wenzangu wamekwenda kula. Mimi niko jikoni na kopo la maji ya mvua, nangoja lichemke.

Mwanenu,
Kemboi