Jinsi Dada Yetu Alivyoacha Sindano

Nyumbani,
Jumamosi mchana, tarehe 8 Juni.

Mpendwa Kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo umepoa, au bado unainuka kitini kwa awamu kama mzee wa miaka tisini? Wifi yangu hajambo? Na wale pacha, wameacha kugombania kiti cha dirishani? Sisi huku tunapumua, na hiyo ndiyo habari ninayoweza kukupa bila kusema uongo. Mimi niko pale pale kwenye tanuri la mikate, zamu ya asubuhi, na viganja vyangu vimebabuka kiasi kwamba ukinipa mkono utadhani umeshika msasa. Mama ni mzima, ila siku hizi haongei sana.

Kaka, siku ile nilipokupigia simu nilikwambia dada yetu alipandwa na sukari ghafla, akatutoka. Uliniuliza mara mbili, "Ghafla vipi?" Nikasingizia mtandao, nikakata. Leo nimejikaza. Haikuwa ghafla. Ilichukua wiki nzima, na kanisa zima tulikuwa tukitazama.

Chanzo ni mtu mmoja tuliyemwita Mwinjilisti. Alikuja mwaka jana kumsaidia Mchungaji wetu, yule yule aliyekubatiza, maana siku hizi hatembei bila fimbo. Mwinjilisti ana sauti, Kaka. Akifungua mdomo, hata mtu aliyeingia kanisani kukwepa jua hatoki tena. Mwanzoni alifundisha mambo tuliyoyazoea. Kisha, kidogo kidogo, akaanza kusema kwamba ugonjwa hauna haki ya kukaa katika mwili wa mtu aliyeokoka, na kwamba kila kidonge unachomeza ni sawa na kumwambia Mungu, "Sikuamini."

Kanisa likafurika. Tukaongeza mabenchi mpaka mlangoni. Mchungaji akawa anasimama mbele anatazama vile vichwa, anatabasamu peke yake. Sisi wazee wa baraza tukavimba pamoja naye. Nani angetaka kuharibu furaha ile?

Aliyesimama ni mtu mmoja tu, yule muuguzi mstaafu tunayemwita Bibi Sindano. Ndiye aliyewachanja nusu ya watoto wa mtaa huu, wewe ukiwemo, na anaapa mpaka leo kwamba ulimng'ata. Alisimama barazani mara tatu. "Mafundisho haya ni ya uongo," alisema, "na kuna watu watakufa." Mara ya kwanza tulimwambia awe na subira. Mara ya pili mwenyekiti alimuuliza kama anaona wivu kanisa kujaa. Mara ya tatu alilia. Mimi ndiye katibu, Kaka. Mara zote tatu niliandika kwa mkono wangu: "Hoja imepokelewa. Itajadiliwa kikao kijacho." Kisha tukanywa chai.

Unajua dada alivyokuwa. Tangu darasa la tano anajidunga insulini, na hatukuwahi kumsikia akilalamika. Lakini alikuwa amechoka, sisi tu hatukumuuliza. Siku moja nilimkuta kwenye chumba chake cha kushonea, tepu shingoni, pini mdomoni, akazitoa moja moja akaniambia, "Miaka ishirini na sita najitoboa kama kitambaa. Hata kitambaa kinafika mahali kinakuwa nguo." Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida.

Jumapili iliyofuata alitoka mbele na ule mkoba wake wa dawa, akauweka miguuni pa Mwinjilisti. Watu walilipuka kwa shangwe. Shemeji, mumewe, alikuwa analia kwa furaha. Mchungaji aliinua fimbo yake juu. Nami nilipiga makofi. Nimejaribu kujidanganya kwamba niliyapiga kwa shingo upande, lakini sivyo. Niliyapiga mpaka viganja vikawasha.

Jumatano nilimpitia. Jagi la maji lilikuwa pembeni ya cherehani, tupu, na alikuwa ameliacha gauni la mteja na mkono mmoja bila kushona. Aliniambia kiu haimwishi. Nikamwambia, "Dada, rudia dawa, hata leo tu." Akanijibu kwa upole, "Mdogo wangu, usinitie shaka. Ndiyo hiyo inayoua." Ijumaa alikuwa anatapika, anahema kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyooza.

Nilikimbia kwa Mchungaji. Alinisikiliza, akasema tumwite Mwinjilisti kwanza, kwa kuwa jambo hili liko chini yake. Mwinjilisti alikuja, akaomba, akasema asiguswe na mtu, yuko ukingoni mwa ushindi.

Jumamosi mchana Bibi Sindano alifika na teksi bila kumwomba mtu ruhusa. Shemeji alijaza mlango kwa mwili wake. Bibi yule, na udogo wake wote, alimwambia, "Nipishe, au nitakupitia chini ya kwapa." Tukambeba dada kwa shuka. Hospitali walifanya yao yote. Alikata roho Jumapili saa nne asubuhi. Saa hiyo hiyo, kanisani, Mwinjilisti alikuwa anatangaza kwamba dada amepona, na watu wanaimba.

Makaburini Mwinjilisti alisimama akasema kwamba dada alikuwa karibu kuvuka, ila waliompeleka hospitali ndio waliomrudisha nyuma. Shemeji alinigeukia mbele ya watu wote. Macho yake yale, Kaka, sitaki uyaone.

Jumapili iliyofuata Mchungaji aliniomba kitabu cha kumbukumbu za vikao. Alipanda madhabahuni polepole, akasoma ile mistari yangu mitatu kwa sauti, na tarehe zake. Akasema, "Nilijua mafundisho haya ni ya uongo tangu mwezi wa kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kuwaona mmejaa. Nimemzika binti niliyembatiza." Kisha akamgeukia Mwinjilisti, akamwambia hatahubiri tena katika nyumba hii.

Mwinjilisti hakubishana. Alichukua Biblia yake akatoka, na zaidi ya nusu ya watu wakamfuata. Shemeji alikuwa wa kwanza kuinuka. Sasa wanakutana kwenye ukumbi nyuma ya gereji, na nasikia kule nako wameongeza viti.

Tuliobaki tulikaa kikao. Mwenyekiti alikohoa akasema, "Basi, yameisha, tusonge mbele." Bibi Sindano hakusimama hata. Alisema pale alipokaa, "Hayajaisha. Nani anajua ni wangapi wametupa dawa zao?" Hakuna aliyejua. Tulipouliza nyumba kwa nyumba tukapata kumi na wanne. Tukagawana, wawili wawili, na Mchungaji akaenda kila mlango na fimbo yake, akiomba msamaha kabla ya kusema neno jingine. Tisa walikubali kurudi kliniki. Wa kumi, fundi viatu, alikubali pia, ila macho yake yalikuwa yamekwisha kuzima. Watatu walitufungia mlango.

Wa kumi na nne ni shemeji, mwenye presha. Tulimfuata kwenye kibanda chake cha kinyozi Alhamisi, hakuna mteja. Hakutukaribisha kiti. Nilimwekea vidonge vyake mezani, kando ya brashi. Alivitazama, akaniambia taratibu, "Shemeji, nikimeza hivi, nitakuwa nimekubali kwamba nilimzuia mke wangu asipone." Nilimwambia tu kwamba siku ile nilipiga makofi. Mchungaji alitaka kupiga magoti, miguu ikakataa, ikabidi nimshike. Shemeji alisukuma vile vidonge vikaanguka, akachukua ufagio akavifagia pamoja na nywele.

Jumatatu alianguka kazini, mashine mkononi, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Mwili wake upande wa kulia umekufa, na ulimi nao. Wale wa ukumbini walikuja mara moja, wakaomba, hawajarudi. Basi tumemleta kwetu. Yuko kitanda cha Mama, na Mama analala chini kwenye godoro, hataki mtu abadilishane naye. Binti yao tunaye hapa, anamalizia zile nguo za wateja wa mama yake kwenye cherehani. Juzi aliniuliza, "Mama mdogo, na wewe ulijua?" Nikamwambia ndiyo. Tangu hapo ananiamkia kila asubuhi kwa heshima, lakini hakai chumba nilichokaa.

Sikuombi unisamehe, Kaka. Nimeacha ukatibu. Walitaka nibaki, wakasema ninaandika vizuri.

Kila asubuhi kabla ya zamu ninasaga kidonge cha shemeji, nakikoroga na maji ya vuguvugu, namnywesha kwa kijiko. Ananitazama usoni muda wote. Anameza. Sijui kama amekubali, au ni kwa kuwa hawezi kutema.

Nisalimie wifi, umwambie kitambaa alichotuma kilifika, dada alikipenda. Wabusu Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo. Baba Mdogo anakusalimu, na Bibi Sindano pia, anasema kovu la meno yako analo. Mungu awalinde huko mliko, na awape watu wa kuwaambia ukweli mapema.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho, nikupendaye hata kama baada ya barua hii hutanijibu.