Yale Maboksi ya Mjomba Wako

Nyumbani,
Nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Unakula, au unashindia chai? Sisi wazima, ila magoti yangu yamegoma na mjomba wako hali chakula. Sababu unaijua.

Anayeandika ni mama yako mdogo. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha ananisomea nione kama amenipunguzia ukali.

Video uliyoiweka kwenye kundi la familia tumeiona. Eti lile ghorofa alilokuwa akililinda mjomba wako halikuangushwa na moto, lilitegwa mabomu na wakubwa wenyewe, na mlinzi anayeonekana akiingiza maboksi mlango wa nyuma ndiye aliyewasaidia. Ukaandika chini yake: "Mjomba, tueleze." Mbele ya ukoo mzima!

Haya, nieleze wewe kwanza. Mabomu ya kuangusha jengo hayapangwi kama sahani mezani. Nguzo zitobolewe, nyaya zipitishwe. Nani alitoboa, watu wamejaa ofisini? Vumbi lilikwenda wapi? Mama yako mdogo ndiye aliyekuwa akifagia humo. Mtu akikanyaga sakafu yake mbichi, utaisikia habari hiyo wiki nzima. Leo nguzo zitobolewe mbele yake, anyamaze? "Ningewatoa na ufagio," anasema, na hapa ameandika kwa mkono wa hasira.

Unasema chuma hakiyeyuki kwa moto wa makaratasi. Nani kakuambia kiliyeyuka? Vyuma vya jiko langu vimepinda katikati, wala havikuyeyuka. Ni moto wa kila siku na sufuria nzito juu yake. Lile liliwaka kutwa, na ghorofa zote za juu zimelalia hapo.

Sisemi wakubwa ni malaika. Nawashuku sana. Mbona mabomba ya kuzimia moto yalikutwa makavu? Uliza hilo, nitakupigia vigelegele. Lakini huyo bwana wako wa video hilo halimhusu. Na mbona mwishoni anauza fulana?

Maboksi yalikuwa ya karatasi za chooni. Ghorofa zima linakwenda haja, mume wangu! Moja lilichanika, mjomba wako akaruhusiwa kuja nalo. Liko uvunguni mwa kitanda changu. Njoo ulilipue.

Siku ile mjomba wako alishatoka nje salama, akarudi ndani kumbeba mzee wa lifti mgongoni. Leo anakaa mlangoni, simu mapajani. Akipiga mtu mwingine, anaitazama tu mpaka inyamaze.

Mama yako mdogo anakusalimu, na fundi cherehani anasema suruali yako imekwisha. Mungu akufunike huko ugenini, akupe usingizi na akili.

Mimi usinijibu. Mpigie mjomba wako.

Wako akupendaye hata ukikosea,
Bibi