Kifungu cha Tatu cha Makubaliano ya Tadeo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tanga
Kuhusu: Kifo cha Tadeo Mihambo, mfanyakazi wa shamba la mkonge

Jina: Idarusi Jumbe Kombo
Umri: Miaka 72 kwa kadi, 74 kwa marehemu mama yangu
Kabila: Mzigua
Dini: Mwislamu
Elimu: Darasa la sita
Kazi: Msuluhishi wa migogoro ya kazi na biashara
Makazi: Mabawa, Tanga
Tarehe na saa: 18/02/2025, kuanzia saa 3:20 asubuhi
Mwandishi wa maelezo: WP 6120 Koplo Loveness

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Koplo amenisomea kwamba nikisema uongo kwa makusudi nitashtakiwa. Nimemwambia nimesikiliza uongo wa watu miaka thelathini na mmoja, nikianza wangu leo nitakuwa nimechelewa kazini. Amesema, "Babu, twende kwenye maelezo." Haya, twende.

Zamani nilikuwa karani wa mizigo bandarini, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nilipostaafu, mabosi walewale niliokuwa nikigombana nao wakaanza kuniita niwapatanishe na watu wao. Hiyo ni miaka kumi na miwili sasa. Cheti changu ni cha semina ya siku tano. Mhuri nilichongesha mwenyewe. Shule niliishia la sita. La saba nilikuwa na nia nalo.

Ninavyofanya kazi ni hivi. Wagomvi nawaweka vyumba viwili, mimi natembea katikati. Mtu akiwa peke yake hunieleza lile asiloweza kulisema mbele ya mwenzake. Analonieleza haliingii chumba cha pili mpaka aniruhusu, na halitoki nje ya nyumba hata akija kadhi kuuliza. Hiyo ndiyo biashara yangu yote, sina duka wala shamba. Leo naivunja. Naomba iandikwe kwamba ninajua ninachokivunja.

Mnamo tarehe 04/02/2025, saa 4:00 asubuhi, nilipigiwa simu na Bwana Innocent, meneja wa shamba la mkonge lililo upande wa barabara ya Horohoro. Alisema wafanyakazi kumi na mmoja wa brashi wamekaa chini tangu Ijumaa, na anayewakalisha ni Tadeo Mihambo. Kwa asiyejua, brashi ndiyo mashine ya kuchana singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishakauka. Mfanyakazi hushika fungu kwa mkono, hulitia kwenye ngoma yenye meno inayozunguka, kisha hulivuta. Mbele ya ngoma panatakiwa kuwe na bati la kinga, lenye upenyo wa kupita singa tu na si mkono. Tadeo alikuwa akisema bati halipo. Meneja alikuwa akisema Tadeo ni mvivu.

Tadeo nilimjua tangu kijana. Babu yake aliletwa kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Unyamwezini kukata mkonge, akazaa hapa, akazikwa hapa. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, hilo Koplo analijua ingawa yeye ametoka bara ya juu na hana mtani wa maana. Mimi na Tadeo hatukuwahi kusalimiana kwa adabu. Nikimwona nilimwuliza, "Bado hujafa? Wenzako wanangoja chumba." Naye alikuwa akinijibu, "Nakungoja wewe mzee, shati lako hilo nimeshalipenda." Mkewe Imakulata alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Meneja simtanii. Kwao hakuna utani na Wazigua, na hata ungekuwapo, uso wake hauna pa kuuweka.

Mnamo tarehe 06/02/2025, siku ya Alhamisi, tulikutana Raskazone, kwenye nyumba ya zamani ambayo mwenyewe huniazima vyumba viwili na baraza. Tulianza saa 3:30 asubuhi. Meneja nilimpa chumba chenye feni. Tadeo nilimpa chenye dirisha, nikamwambia hewa ya bahari ni ya bure, watu wa kwao hawajaizoea, avute kidogokidogo.

Nilianza na Tadeo. Hakutaka nyongeza ya kitu chochote wala fidia. Alitaka bati lirudi na liandikwe kwenye karatasi. Ni hilo tu. Nimepatanisha watu walioniandikia kurasa nane za madai, huyu alikuwa na bati moja.

Saa 4:15 nikaingia kwa meneja. Nilimwuliza bati liko wapi. Akaniuliza, "Haya yanabaki humu?" Nikasema yanabaki humu. Akasema, "Mzee wangu, bati liko karakana tangu Novemba. Nimelitoa mimi, linapunguza kasi. Kuna shehena inatakiwa ivuke mpakani Horohoro kabla ya mwisho wa mwezi. Ikivuka, nalirudisha." Nikamwambia basi tuandike hivyo. Akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Nikiandika linarudi, nimekiri kwamba halikuwapo. Mkaguzi akiiona karatasi ile nimekwisha."

Nilizunguka kati ya vyumba vile mara sita. Feni ya meneja ikaanza kulia kama mbuzi. Mchana ulifika tukiwa palepale, na kazi yangu, nieleweke, haina ushindi mwingine ila watu kutia saini. Watu wakiondoka bila saini, mimi ndiye niliyeshindwa, na Tanga ni mji mdogo.

Saa 7:50 mchana nikatunga kifungu. Nilikitunga mimi, hakuna aliyenishika mkono. Kinasema: "3. Mfanyakazi ameikagua mashine na ameridhika kwamba ni salama kwa kazi." Nilimwambia meneja, hapa wewe hukukiri kitu. Akafurahi. Nikamwambia, nawe nipe neno la mtu mzima kwamba bati litarudi. Akasema, "Nimekupa." Nikamwuliza kama naruhusiwa kumwambia Tadeo kwamba ni mpaka shehena ivuke. Akasema hapana, hilo libaki humu.

Nikaenda kwa Tadeo. Nikamwambia nimepata neno, bati linarudi. Akauliza, "Lini?"

Nikasema, "Karibuni."

Nilijua ni lini. Nilijua kwamba kuanzia Jumatatu, siku ya kurudi kazini, mpaka mwisho wa mwezi ni karibu wiki tatu za kuchana singa bila kinga. Sikusema, kwa sababu ile ilikuwa siri ya chumba cha pili.

Tadeo alisoma kifungu cha tatu mara mbili. Alikuwa anajua kusoma vizuri kuliko mimi. Akasema, "Mzigua, mimi mashine hiyo sijaikagua wala sijaridhika." Nikamwambia ni maneno ya karatasi tu, karatasi haichani singa. Akasema, "Haya. Ila nikirudi pale bila bati, wiki haiishi utanizika. Jeneza upime vizuri, mimi mrefu."

Nikamjibu, "Usijali, nitakukunja."

Tukacheka wote wawili. Tulicheka sana, hata meneja kule alidhani tumeshamaliza, akaja na kalamu. Ikawa tumeshamaliza. Tadeo akatia saini saa 8:20, meneja akatia, mimi nikagonga mhuri.

Koplo ameniuliza kama wakati ule nilimwona Tadeo akiwa na hofu. Nimemjibu kwamba angekuwa mtu mwingine ningeiona. Angekuwa Mdigo, au Mchaga kama meneja, akanitajia jeneza, ningeirudisha kalamu mfukoni na tungeanza upya. Lakini mtani akikutajia kifo unamtajia kikubwa zaidi, ndivyo tulivyolelewa. Tadeo alikuwa ananiambia kweli, na mimi nilikuwa natafuta jibu zuri. Nikalipata.

Tarehe 10/02/2025 wote kumi na mmoja walirudi kazini. Meneja alinitumia ujumbe wa simu: "Kazi imeanza, Mungu akubariki." Ujumbe upo, nimemwonyesha Koplo.

Mnamo tarehe 12/02/2025, siku ya Jumatano, saa 5:05 asubuhi, nilipigiwa simu na Asmahani, mfanyakazi wa brashi anayesimama mashine ya pili kutoka kwa Tadeo. Alikuwa analia. Alisema singa zimemzunguka Tadeo kifundo cha mkono na ngoma imemvuta mpaka bega. Swichi ya kuzimia iko nyuma ya nguzo, aliyekwenda kuizima alichelewa. Hayo sikuyaona kwa macho yangu, Asmahani ndiye wa kuyaeleza. Nilichukua bajaji mpaka hospitali. Nilifika saa 6:00 kamili. Gari la shamba lililomleta lilikuwa limeegeshwa kivulini, na dereva anaosha nyuma kwa ndoo. Sikuuliza.

Tarehe 13/02/2025, saa 9:00 alasiri, alizikwa makaburi ya Wakatoliki. Padri alipomaliza watu hawakuondoka. Wanyamwezi walikuwa wananiangalia, kwa sababu maziko yao hayajaisha mpaka mtani aseme upuuzi wake, alaumu marehemu, adai shati lake, watu wacheke kidogo warudi nyumbani. Nilisogea mpaka kwenye udongo. Mzee wao mmoja akanihimiza, "Sema basi, Mzigua." Nilisimama pale kama dakika tano hivi, halafu wakaanza kuondoka mmojammoja. Jambo hilo halijawahi kunitokea, na wenye msiba waliona.

Tarehe 14/02/2025, saa 3:00 asubuhi, meneja alinipigia. Alinipa pole. Kisha akasema, "Mzee wangu, ile karatasi yako ni nzuri sana. Wakili wetu ameisifu. Kifungu cha tatu ndicho kimetuokoa." Naona haya kulisema hili, lakini nimeambiwa niseme kweli tupu. Nilifurahi. Ni kitambo cha kuvuta pumzi moja tu, lakini nilifurahi, maana mwanafunzi wa la sita hasifiwi na wakili kila siku. Ndipo nikaelewa amesema nini. Mkononi wana karatasi ya Tadeo mwenyewe inayosema aliikagua mashine na akaridhika, kwa hiyo kifo ni cha uzembe wake.

Siku hiyohiyo, saa 8:00 mchana, nilikwenda shambani. Bati lilikuwa limeshafungwa kwenye mashine ya Tadeo. Skrubu mpya zinang'aa, bati limeota kutu. Nilimwambia meneja, "Umelirudisha mapema." Akasema, "Lilikuwapo siku zote, mzee." Alisema hivyo akiniangalia machoni, na mimi ndiye niliyeinamisha uso.

Mnamo tarehe 16/02/2025, siku ya Jumapili, saa 5:30 asubuhi, Imakulata alikuja nyumbani kwangu Mabawa akitoka misani. Aliniamkia, nikamwitikia. Nilimkaribisha kiti, akakaa kwenye ngazi.

Alisema, "Babu, nimesikia utaitwa polisi."

Nikasema nimeitwa.

Akasema, "Meneja amekuja kambini. Amesema nikikubali kwamba Tadeo alikuwa mbishi, hasikii maelekezo, nitabaki kwenye chumba cha kampuni na kazi yangu ya kuanika singa, mpaka wanangu wamalize shule. Nikileta maneno ya bati, nina siku saba za kuhama."

Nikamwuliza, "Kwani Tadeo alikuwa hasikii?"

Akaniambia, "Wewe ndiye uliyemsikiliza mwisho."

Nilimwambia nina mpango wa kueleza yote. Akasema, "Ueleze umweleze nani? Atafufuka? Wewe una nyumba yako, babu. Umekwisha kumpatanisha mume wangu mara moja, inatosha. Mimi niache." Nikamtania kidogo, nikasema huyu Tadeo hata kaburini ananiponza. Nilidhani atacheka kama zamani. Alivuta kanga akajifunika uso, akakaa hivyo. Nikamletea maji, hakuyanywa.

Usiku wa jana na wa juzi nilikuwa nikiwaweka vyumba viwili kichwani mwangu, Imakulata huku na Tadeo kule, natembea katikati. Sikupata kifungu cha kuwapatanisha. Nikinyamaza, Tadeo amekufa mzembe kwa mhuri wangu. Nikisema, mkewe na wanawe wanalala nje kwa mdomo wangu. Na nimezeeka, Koplo, sina uhakika hata kama huyu anayesema leo anasema kwa ajili ya Tadeo, au kwa sababu mzigo umemshinda anatafuta pa kuutua.

Basi nasema. Bati halikuwapo tangu Novemba, na meneja alikiri kwangu kwa kinywa chake tarehe 06/02/2025. Tadeo hakukagua mashine. Tadeo hakuridhika. Sentensi ile ni yangu, nilimwekea mdomoni akatia saini kwa kuniamini. Kama kuna mzembe kwenye karatasi ile, jina lake liko chini kabisa, karibu na mhuri.

Naomba pia iandikwe wazi kwamba Imakulata hakunituma. Alinikataza. Koplo ameandika mara moja, nimemwomba aandike tena. Imakulata hakunituma.

Sina la kuongeza. Niliyoyasema ni haya, nimeyasema mwenyewe.

Saini ya shahidi: I. J. Kombo

MAELEZO YA MWANDISHI: Nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, nimemsomea, na amekubali kuwa ni sahihi. Ameulizwa kama anataka kubadili chochote. Ameomba neno "kaburini" lifutwe, kisha akasema liachwe. Karatasi ya makubaliano ya tarehe 06/02/2025 imepokelewa kama kielelezo. Shahidi ameuliza kama meneja atajua leo kilichoelezwa. Nimemjibu kwamba siwezi kumwahidi. Maelezo yamekamilika saa 5:45 asubuhi. Saa 5:50 wakili wa kampuni, aliyekuwa akingoja kaunta tangu saa 4, ameomba kwa maandishi kufahamishwa shahidi ametaja nini kuhusu bati, na kama mjane wa marehemu ametajwa. Ombi limepelekwa kwa mkuu wa upelelezi.

WP 6120 Koplo Loveness
18/02/2025